Alikuwa Anaangalia Wapi

Mtaani kwao hapakuwa na msusi mwenye mikono myepesi kama yeye. Wateja walimpachika jina la Chapchap, likamganda mpaka mumewe naye akawa anamwita hivyo. Kichwa ambacho wasusi wengine wangeshinda nacho kutwa, yeye alikimaliza kabla maharage ya jirani hayajaiva. Na alisuka amesimama. Alisema akikaa vidole vinalala.

Shemeji yake, mdogo wa mumewe, alibeba abiria kwa pikipiki, na yeye pia alikuwa na jina lake: Breki. Wenzake wa kijiweni walimpa kwa kumcheka, maana alikuwa anafunga breki hata kwa kuku aliye ng'ambo ya barabara. Abiria wenye haraka walimkwepa. Kina mama wenye watoto wachanga walimngoja yeye tu, hata pikipiki nyingine zikiwa zimejipanga. Kwa hiyo asubuhi moja Chapchap alipotakiwa kwenda kumsuka mteja nyumbani kwake, hakuwa na la kufikiri. Alipanda nyuma ya shemeji yake, mkoba wa nywele za bandia mapajani, wakaondoka.

Ilitokea karibu na kituo cha mafuta. Ng'ambo yake kulikuwa na gereji, na fundi aliyezoea kumtengenezea Breki pikipiki alikuwa amesimama nje, akapunga mkono. Breki akainua wa kwake, akageuza uso. "Fundi, salama?" Chapchap aliyaona yote kutoka nyuma: ule mkono, lile shavu la shemeji lililokuwa linatabasamu, na mbele yao pua ya gari jeupe likitoka kituoni bila kuwasha taa ya ishara wala kusimama. Alitaka kusema, sauti haikutoka. Breki aliporudisha macho barabarani alifunga breki kwa nguvu zake zote, lakini nafasi ilikuwa imekwisha.

Breki aliinuka na bega lililochubuka. Chapchap hakuinuka. Fupa la paja lilikuwa limevunjika karibu na nyonga, na nywele za bandia zilikuwa zimetapakaa barabarani hivi kwamba watu waliokuja mbio kusaidia walidhani ni zake. Mama mmoja alianza kuziokota huku analia. Chapchap, kabla hajapoteza fahamu, alijikuta anambembeleza: "Usilie, mama, hizo ni za dukani."

*

Mwenye gari lile alikuwa mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi. Hakumkimbia. Alikuja wodini na matunda na maziwa, akawa anakaa kwenye kiti cha plastiki, magoti ameyabana kama mtoto aliyeitwa kwa mwalimu mkuu, anauliza hali. Chapchap hakumwona kuwa mtu mbaya. Ila siku moja alikuja na karatasi.

"Dada, mambo ya mahakamani yanachosha," alisema. "Mimi nitalipa hospitali, nitakuongezea na kitu cha kukusogeza. Wewe weka saini hapa, tuachane kwa amani."

Mume wa Chapchap alikuwa fundi rangi, mtu wa maneno machache, kucha zake hazikuwahi kutakata chokaa. Aliitazama ile karatasi kwa uchu usiofichika. "Chukua," alimwambia mkewe kwa sauti ya chini. "Kesi sisi hatuziwezi."

Chapchap akaisoma taratibu. Mwishoni iliandikwa kwamba hatadai kitu kingine chochote kutokana na ajali ile, sasa wala baadaye.

"Hii 'baadaye' maana yake nini?"

"Ni lugha ya karatasi tu, dada."

Akamrudishia kalamu. "Kaka, mimi sijawahi kumtajia mtu bei kabla sijashika kichwa chake. Nywele zinaweza kuonekana chache kwa juu, ukizama ndani ni msitu. Sasa huu mguu bado sijaushika. Daktari mwenyewe hajaniambia kama nitasimama. Ngoja nijue nimeumia kiasi gani, ndipo tuzungumze."

Mwenye gari alisema anaelewa, na usoni kweli alionekana kuelewa. Lakini hakurudi tena. Baadaye sana ndipo walipojua kuwa kampuni yake ya bima ilimpiga marufuku: asimtembelee majeruhi, asimwombe radhi, hata pole asimpe, kwa sababu pole ya namna hiyo inaweza kugeuzwa mahakamani kuwa kukiri kosa.

Mfupa uliunga, lakini uliunga vibaya. Mguu ule ukawa mfupi kidogo kuliko mwenzake. Chapchap aliweza kutembea kwa mkongojo, ila akisimama muda mrefu nyonga iliuma kama mtu aliye ndani anasokota waya. Daktari alisema upasuaji mwingine unaweza kusaidia, akakohoa, asiseme nani atalipia.

Ndipo jirani alipomtajia wakili mmoja. Ofisi yake ilikuwa ghorofani, juu ya duka la dawa, na ngazi zake zilikuwa nyembamba na zenye kona. Chapchap alisimama chini akazitazama tu. Wakili alipopata habari alishuka mwenyewe, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, wakakaa kwenye benchi la duka la dawa. Kila baada ya maneno mawili matatu aliuliza, "Tuko pamoja?"

"Wewe ulikuwa abiria," alisema. "Abiria hashiki usukani wala breki. Awe amekosea huyu, awe amekosea yule, au wawe wamekosea wote wawili, haki yako iko palepale. Tuko pamoja?"

"Tuko pamoja," akajibu Chapchap. Mzee aliyekuwa anasubiri dawa ya kikohozi naye akaitikia kwamba yuko pamoja.

"Sasa niambie. Shemeji yako alikuwa anaendeshaje?"

"Taratibu. Ndiyo maana anaitwa Breki."

"Alikuwa anaangalia mbele?"

Chapchap akatazama chupa za dawa zilizopangwa nyuma ya kioo. Hakuwa amelisema jambo hilo kwa mtu yeyote, hata mumewe. Wakili alingoja, kisha akasema polepole, "Usinijibu leo. Lakini nisikilize vizuri. Mimi sitakufundisha uongo. Na sheria inataka tuwashtaki wote wawili, mwenye gari na mwenye pikipiki. Ukimwacha shemeji yako nje, wenzetu wa upande wa pili watamwingiza wao, watamtupia kosa lote, na wewe utabaki unamtazama. Ana bima?"

"Ilikuwa imeisha. Alisema ataikata upya mwisho wa mwezi."

Wakili akashusha pumzi. "Basi fungu lake, hakimu akimkuta na kosa, litamfuata yeye mwenyewe."

Njiani kurudi nyumbani Chapchap alikuwa anafikiria neno haki. Kuna haki yangu, ile ambayo nikinyimwa nalalamika. Na kuna kutenda haki, ambako huenda nikaumia mimi au akaumia mtu wangu. Maisha yake yote alikuwa amelitumia neno hilo bila kugundua kuwa limebeba mambo mawili, na kwamba hayo mawili yanaweza kuvutana katika nyumba moja.

*

Hati za mahakama zilipomfikia Breki, aliyekuja wa kwanza hakuwa Breki. Alikuja mama mkwe. Alikaa pembeni ya kitanda, akaushika mguu mbovu juu ya shuka, akaupapasa kama anayetafuta mahali unapoumia.

"Mwanangu," alisema, "nimesikia umemshtaki mwanangu."

Mama yule alikuwa anamwita Chapchap mwanangu tangu siku alipoolewa, na hakuwahi kuligeuza neno hilo.

"Mama, wakili anasema ndivyo sheria inavyotaka. Jina lake lingeingia tu, hata nisingeliandika mimi."

"Sheria haijala kwangu. Wewe umekula kwangu."

"Ni kweli, mama."

"Huyu mtoto halali. Pikipiki amerudi kuendesha, lakini akifika nyumbani anakaa nje, haingii ndani. Kama mlikosana niambieni."

"Hatujakosana."

Mama mkwe akauacha mguu, akaondoka bila kunywa chai aliyoandaliwa. Mume wa Chapchap, aliyekuwa mlangoni muda wote, alikunja mikono. "Yule ni mdogo wangu," alisema. "Na wewe ni mke wangu. Mimi nikisema lolote hapa nitakuwa nimekata mkono wangu mmoja." Akaenda kuosha brashi zake, ingawa siku hiyo hakuwa amepaka rangi mahali popote.

Breki alikuja jioni ya siku nyingine, wakati Chapchap anafanya mazoezi uani, anakwenda na kurudi chini ya kamba ya nguo. Alisimama nyuma ya shuka lililoanikwa, miguu tu ndiyo iliyoonekana.

"Shemeji."

"Karibu, shemeji."

"Siku ile. Uliniona?"

"Nilikuona."

Shuka likapepea, likatulia.

"Nimemsalimia yule fundi kila siku ninapopita pale," alisema Breki. "Mkono unainuka wenyewe."

"Najua."

"Lakini lile gari halikuwasha taa. Halikusimama. Hata ningekuwa nimekodoa macho, sijui."

"Hilo nalo nililiona."

"Basi sema hilo. Wewe ulikuwa nyuma yangu, mgongo wangu mpana. Nani atakulaumu ukisema hukuona uso wangu ulikuwa wapi?"

Chapchap alisimama akajishikiza kwenye nguzo ya kamba. Alikuwa na majibu mengi, na kila moja lilikuwa na ukali wake. Angeweza kumwambia kwamba mguu uliofupika ni wa kwake, si wa mwingine. Angeweza kumwambia kuhusu bima. Badala yake alisema, "Sijui nitasema nini, shemeji. Nikijua nitakuambia." Na hilo lilikuwa kweli. Nyuma ya shuka miguu ya Breki ikageuka, ikaenda zake.

*

Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo kuliko alivyokifikiria, na feni yake ilizunguka kwa uvivu hata haikupeperusha karatasi. Hakimu alikuwa mwanamume wa makamo aliyeandika kila kitu kwa mkono, hivyo shahidi alipaswa kuongea kwa mapumziko, kama anayemsomea mtu imla. Wakili wa Chapchap alimwongoza vizuri: siku ile, gari lile, hospitali, maumivu. Kisha akasimama wakili wa bima, kijana mtanashati, mwenye adabu zote.

"Pole sana kwa yaliyokukuta," alianza, na huenda alimaanisha. "Unasema huwezi tena kusuka."

"Siwezi kusimama muda mrefu. Nami nasuka nimesimama."

"Ukikaa kwenye kiti kirefu, huwezi?"

Chapchap alifikiri. Alikuwa amejaribu, kwa binti wa jirani, akakalia ndoo iliyopinduliwa. "Naweza. Si kama zamani. Nachukua muda mrefu na mgongo unachoka. Lakini naweza."

Akamwona wakili wake akiinamisha kichwa kidogo. Hakimu akaandika.

"Asante kwa ukweli wako," akasema kijana yule. "Swali jingine. Muda mfupi kabla ya kugongana, dereva wa pikipiki alikuwa anaangalia wapi?"

Wakasikia feni. Kwenye mabenchi ya nyuma walikaa mama mkwe, mume wa Chapchap, na Breki aliyevaa shati jeupe la kuazima lililombana kifuani. Chapchap hakuwatazama. Alichokuwa anakifikiria pale ni kitu kidogo tu: kwamba tayari amesema kweli juu ya kiti, na kweli ile imempunguzia yeye mwenyewe. Kama anaweza kusema inayomuumiza yeye na kuficha inayomuumiza ndugu yake, hapo atakuwa anampenda ndugu. Lakini mwenye gari naye yuko palepale, amekaa magoti ameyabana, na kosa ambalo si lake angelibebeshwa yeye.

"Alikuwa anaangalia pembeni," alisema. "Alikuwa anamsalimia mtu. Ni kidogo tu. Aliporudisha macho, gari lilikuwa limeshatoka kituoni. Halikuwasha taa na halikusimama."

Hakimu akamwomba arudie sentensi ya mwisho, akarudia.

Zamu ya Breki ilifika baada ya mapumziko. Alikuwa amekuja na maelezo yake kichwani, mume wa Chapchap alimwambia mkewe baadaye. Alikuwa ameyakariri barabarani, kwamba macho yake yalikuwa mbele tangu mwanzo hadi mwisho. Alipoulizwa, alishika ukingo wa kizimba kwa mikono miwili kana kwamba ni usukani.

"Ni kama alivyosema shemeji," alisema. "Nilimsalimia fundi. Niliinua mkono huu."

Wakili wa bima alikuwa amejiandaa kumbana, akabaki na maswali yake mkononi. Akauliza moja tu, kama gari lilisimama kabla ya kuingia barabarani. Breki akasema halikusimama.

Hukumu ilitoka baada ya kuahirishwa na kuahirishwa tena, mpaka wakazoea kwenda na kurudi. Hakimu aliisoma bila kuinua macho. Alisema sehemu kubwa ya kosa ni ya mwenye gari, aliyeingia barabarani bila kusimama wala kutoa ishara. Sehemu ndogo ni ya mwenye pikipiki, aliyeacha kutazama mbele. Na alisema neno moja ambalo Chapchap hakulitegemea: kwamba upande wa bima ulidai gari lilisimama, lakini yeye amewaamini abiria na dereva wake, kwa kuwa watu waliokubali kusema yanayowadhuru hana sababu ya kuwatilia shaka katika yaliyobaki. Kuhusu kazi ya Chapchap, alisema hakuipoteza kabisa, kwa hiyo fidia ya kipengele hicho aliipunguza. Ilitosha upasuaji. Ilitosha na kuanzia mahali.

Nje, ukumbini, mwenye gari aliwapita, kisha akarudi. Wakili wake alimwita, hakuitika.

"Dada," alisema, "sasa imekwisha, naruhusiwa kuongea. Pole. Nilitaka kusema tangu siku ile ya karatasi."

"Nimepoa, kaka," alijibu Chapchap. Walipeana mikono kama watu waliosafiri pamoja safari ndefu bila kujuana majina.

*

Fungu la Breki lilibaki. Wakili alimweleza Chapchap kwamba anaweza kumfuata hata kwa kukamata pikipiki. "Haki ni yako," alisema. "Kuitumia au kutoitumia pia ni haki yako. Tuko pamoja?"

Safari hii Chapchap hakuitikia. Alikwenda kwanza kwa Breki, kijiweni, akamwomba wasogee pembeni.

"Sitakufuata," alimwambia. "Lakini nataka uelewe vizuri. Sisemi hukukosa. Hakimu amesema, mimi nimesema, na wewe mwenyewe umesema. Kosa lipo. Ninachokiacha ni deni."

Alidhani atashukuru. Breki alisugua tangi la pikipiki kwa kiganja, akasugua tena mahali palepale.

"Ungenidai tu, shemeji," alisema mwishowe. "Kudaiwa nimezoea. Kuachiwa ndiko sijui niishi nako vipi."

"Utajifunza," akasema Chapchap. "Mimi nimejifunza kutembea upya."

Hakuwa na uhakika kama alimwachia kwa upole au kwa uchovu. Siku nyingine alijiona mkarimu, siku nyingine, nyonga ikiuma, alijiona mjinga. Mumewe alipomuuliza kama anajuta, alisema inategemea na hali ya hewa.

Upasuaji wa pili ulisaidia, ingawa haukumaliza. Alipanga chumba cha chini, kinachotazama barabara, akanunua kiti kirefu chenye magurudumu, na akaingia ubia na msusi mwingine anayesuka amesimama. Vichwa vyake sasa vilichukua kutwa. Wateja waliendelea kumwita Chapchap bila kuona kichekesho, naye hakuwasahihisha.

Mama mkwe hakuwa amekanyaga kwake tangu siku ya kesi. Alikuja adhuhuri moja chumba kikiwa kimetulia, akafungua kitambaa kichwani, akauliza kama kuna nafasi. Chapchap akamsogezea kigoda. Nywele zake zilikuwa nyeupe, laini, zimekuwa nyepesi karibu na masikio, akaanza kuzichambua taratibu asije akamvuta.

Walikuwa wamefika katikati ya kichwa ndipo mama mkwe aliposema, "Ungeweza kunyamaza siku ile."

"Ningeweza, mama."

"Na yeye angekana."

"Angekana."

Nje pikipiki zilikuwa zinapita, moja baada ya nyingine, na kila moja ikipita mabega ya mama mkwe yalijikaza kidogo halafu yakalegea.

"Siku hizi anaingia ndani," alisema. "Anakula na sisi."

Chapchap alichovya vidole kwenye mafuta. Mama mkwe, bila kuombwa, akainamisha shingo na kusogeza kigoda nyuma ili mkwewe amfikie vizuri bila kulazimika kuinuka.